Nimepigiwa Makofi kwa Picha Nilizozitupa Mwenyewe

Mama Mshauri wa ukurasa wa sita, kama unanizidi umri shikamoo, na kama mimi ndiye ninayekuzidi basi hiyo shikamoo utanirudishia siku tukionana. Mimi si mtu wa kuandika barua. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, nikapanda treni kutoka Akita na begi moja na viatu vya kaka yangu, na tangu siku hiyo penseli yangu imechora tu, haijaandika, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya inyooshe mwenyewe. Ila usininyooshee maneno, maneno yangu yako sawa.

Nina miaka sabini na miwili na ni mchoraji wa picha za katikati kwenye filamu za katuni, hapa hapa Nerima, na miaka hii ishirini ya mwisho mimi ndiye mkaguzi wa wachoraji wenzangu wa katikati, yaani hakuna picha inayotoka chumba chetu bila kupita chini ya jicho langu. Najua wewe na wasomaji wako mnaangalia katuni na wajukuu zenu mkidhani mchoraji mkuu ndiye aliyechora kila kitu. Hajachora. Mchoraji mkuu anachora msichana ameketi, kisha anachora msichana amesimama, pembeni mwa karatasi anaweka alama kama kingazi kidogo kuonyesha ziingie picha ngapi hapo kati na zisogee kwa kasi gani, halafu huyo anakwenda kula tambi. Anayemnyanyua yule msichana kutoka kwenye kiti ni sisi, karatasi moja baada ya nyingine juu ya kioo chenye taa, na tukifanya vizuri hakuna anayejua kwamba tupo, na tukifanya vibaya msichana anasimama kama meza iliyopata miguu. Mwaka wa sabini na nne kuna farasi alikimbia kwenye televisheni, nchi nzima ikamtazama, watoto wakawa wanakimbia kama yeye shuleni. Miguu yake yote minne ni mimi. Mkia alichora mtu mwingine, na ukiangalia vizuri utaona.

Mkono wangu hautetemeki. Mwaka jana daktari alinipima akasema macho yamepungua na moyo una kelele kidogo, lakini mkono hakuusemea kitu, na alipoushika nilimwona ameshangaa.

Sasa ninakuja kwenye shida yenyewe. Miaka miwili iliyopita aliletwa kwetu binti mmoja kutoka Niigata, anaitwa Wakana Shiota, miaka ishirini na mitatu, mdogo wa umbo, anakula onigiri, madonge mawili ya wali, kila mchana bila kuzungumza na mtu. Siku ya kwanza nilimpa kichwa kinachogeuka, kama ninavyowapa wote, maana hapo ndipo ninapowajua. Mgeni wa kazi anachora kichwa kikitoka kushoto kwenda kulia mstari mnyoofu kama droo ya kabati. Kichwa cha mtu hakiendi hivyo, kinashuka kidogo njiani na kupanda tena, jaribu mwenyewe mbele ya kioo. Hilo simwambii mtu, ninangoja alikose mara tatu ndipo nimpigie kelele. Wakana alikishusha mara ya kwanza.

“Nani amekufundisha?” nikamuuliza.

“Paka wetu, Mzee.”

“Paka?”

“Nilikuwa namchora akimfuata nzi kwa macho.”

Nikamwambia asijisifu, kazi ndiyo kwanza imeanza. Halafu nilikwenda chooni nikacheka peke yangu mpaka mtu akagonga mlango. Mama, nimekagua mikono zaidi ya mia tatu. Mkono kama ule nimeuona mara mbili, na mara ya kwanza ulikuwa wangu.

Basi katika sehemu ya nane ya katuni tunayoitengeneza sasa kuna mama mmoja anayemsindikiza binti yake stesheni. Anatembea amevaa kimono, kutoka kushoto kwenda kulia. Dakika chache baadaye treni imeshaondoka, na mama anarudi nyumbani, kulia kwenda kushoto. Mwongozaji hakuwa na muda wa kungoja picha mpya, akaandika juu ya bahasha: nakili kwa nyuma. Maana yake unachukua zile zile picha za kwenda, unazilaza kifudifudi juu ya kioo chenye taa, mstari unaonekana kupitia mgongo wa karatasi, unaufuata kwa penseli, na mama aliyekuwa anakwenda sasa anarudi. Picha ishirini na mbili, kazi ya mchana mmoja. Nikampa Wakana siku ya Jumatatu. Jumanne kimya. Jumatano ndiyo analeta, na mimi nikizishika kati ya vidole na kuzipeperusha kama tunavyofanya, nikaona kuanzia kiunoni kwenda juu mistari si ile ya mwanzo. Amechora upya.

“Binti, bahasha imeandikwaje?”

“Nakili kwa nyuma, Mzee.”

“Na wewe umefanyaje?”

“Nimenakili kwa nyuma, Mzee, isipokuwa kifuani, kwa sababu ukigeuza…”

“Nimekuuliza sababu?”

“Hapana, Mzee.”

“Siku mbili! Mimi nilikuwa nageuza picha kabla mama yako hajaota meno.”

“Najua, Mzee, lakini kile kimono…”

“Kimono nimevalishwa kabla sijajua kutembea, leo wewe ndiye wa kunifundisha kimono?”

Chumba chetu kina watu tisa na wote tisa waliacha kuchora. Nikazichukua zile picha ishirini na mbili nikazitupa kwenye sanduku la karatasi chakavu, lile tunalochukua karatasi za kujaribia penseli na kuandikia oda za chakula, nikakaa mwenyewe nikazinakili zote kwa nyuma kwa saa tatu bila kifutio. Bila kifutio, Mama, uliza mtu yeyote wa kazi hii akwambie maana yake. Binti alirudi mezani kwake, akaanza kazi nyingine, hakulia wala nini, na mimi nikaona nimefundisha.

Jioni nikawa namsimulia mke wangu Fusae, ambaye kwa miaka arobaini amekuwa akiwavalisha maharusi kwenye studio ya picha karibu na stesheni. Nilimsimulia vizuri kabisa, na sauti zote, ya kwangu na ya binti. Yeye alikuwa anapakua wali, mwiko ukasimama hewani.

“Ukiigeuza picha, kimono nacho si kinageuka?”

“Kila kitu kinageuka, ndiyo kazi yenyewe.”

“Kwa hiyo upande wa kulia umekuja juu ya wa kushoto.”

“Ehe, kwa hiyo?”

“Eikichi. Umemvalisha mama wa watu kama maiti.”

Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba upande wa kushoto wa kimono ndio unaolala juu kifuani, na anayefungwa kinyume ni yule tu anayekwenda kulazwa kwenye jeneza. Na huyu mama ni mzima, anatoka kumsindikiza mwanawe, angepita Jumapili asubuhi kwenye televisheni za nchi nzima akiwa amevaa nguo za kuzikiwa, watu na uji wao wa asubuhi mezani. Unaniuliza mimi niliyeona makosa ya watu mia tatu nimelipitaje hilo? Nitakwambia. Sisi wachoraji wa katikati tuna kioo kidogo mezani, tunajitazama midomo na macho yetu wenyewe tunapochora, na nyumbani pia ninajitazama kiooni nikijifunga kimono changu cha kulalia, na kwenye kioo upande wa kulia ndio unaoonekana uko juu siku zote. Miaka hamsini na saba jicho langu limezoea mtu aliye kinyume. Kwa hiyo hilo ni kosa la kioo. Fusae hakulikubali, ila mimi ninalisema.

Kesho yake nilifika kazini saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mtu yeyote, nikapiga magoti mbele ya sanduku na kuzitoa picha za binti moja moja. Zote zilikuwepo. Kwenye mgongo wa picha ya kumi na nne mtu alikuwa ameshaandika oda ya wali na kuku wa kukaanga, mbili, moja bila kitunguu. Nikazipanga, nikazitia kwenye bahasha mahali pa zile zangu, na mtu wa chumba cha rangi alipokuja saa tatu akaichukua bahasha akaenda nayo. Kosa likawa limesahihishwa na kazi nzuri imekwenda. Ningeweza kuishia hapo na nisingekusumbua.

Baada ya wiki mbili tukaitwa wote kuitazama sehemu ya nane. Mama wa stesheni akatokea, akarudi zake nyumbani, na Bwana Sugimori, ambaye ndiye mwongozaji, akasimamisha filamu.

“Hebu tazameni kifua hicho! Mimi nimelala siku tatu na wasiwasi, nimeandika nakili kwa nyuma nikasahau kabisa habari ya kimono. Nani amekumbuka?”

Na Negishi, msimamizi wa chumba chetu, kijana wa kujipendekeza sana, hata hakungoja.

“Nani tena zaidi ya Mzee! Hakuna kinachompita huyu.”

“Mzee, umeniokoa,” akasema Sugimori, na akaanza kupiga makofi, na wote wakapiga.

Mimi nikakohoa. Nilikohoa tu, Mama, na kukohoa si kusema ndiyo. Nilikuwa nangoja makofi yaishe niseme neno, lakini makofi yalichukua muda, na yalipoisha filamu ilikuwa imeshaendelea. Wakana alikuwa nyuma kabisa na onigiri mkononi. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama anavyotazama picha kuona kama ina kasoro, kisha akaendelea kula.

Jumatatu yake akampelekea Negishi barua ya kuacha kazi. Sababu ameandika mambo ya binafsi, kama wanavyoandika wote. Siku yake ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Shangazi yake ana duka la achari huko Niigata, anakwenda kumsaidia. Mkono ule unakwenda kukata figili! Silali, Mama. Yaani ninalala, lakini ninaamka nimechoka.

Usidhani sijafanya kitu. Nilimwekea mezani boksi la keki za maharage matamu, za duka lile zuri, bila jina, naye akawagawia wote tisa na mimi akaniletea moja. Nikamwachia mezani penseli yangu mwenyewe niliyoichonga kwa kisu, na kisu changu hakimchongei mtu, akairudisha mezani kwangu akisema, “Mzee, umeisahau hii.” Nikaanza kumpa kazi rahisi ili apumzike, mtu amesimama tu na mdomo unafunguka na kufungwa, akaifanya kwa nusu saa akabaki ametazama dirishani. Nikamwambia Negishi amshawishi, Negishi akaniambia, “Mzee, vijana wa siku hizi ndivyo walivyo.” Mpumbavu.

Fusae anasema nimwombe binti radhi. Fusae amekuwa akisema niombe radhi tangu tuoane. Siku ya harusi yetu yenyewe nilichelewa saa mbili kwa sababu ya bahasha moja ya mawimbi ya bahari, na hata siku ile neno lenyewe sikulisema, niliinama kidogo kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka, wazee wa pande zote mbili wakaridhika. Na si kiburi, usije ukaandika kwamba ni kiburi. Mimi ni mkaguzi. Mkaguzi akisimama mbele ya chumba akasema nimekosea, kesho akimrudishia mtu picha ataambiwa, “Mzee, labda na hii umekosea,” na hapo ukaguzi umekufa, kila mtu atachora vichwa kama droo.

Kwa hiyo ninachotaka kwako ni kimoja tu, na wewe umesoma, utakuwa unakijua. Nipe njia ya kumfanya Wakana abaki bila mimi kulisema lile neno mbele ya watu. Njia ipo, haiwezi kukosa kuwepo.

Ni mimi,
Mkono Usiotetemeka, Nerima

*

Mkono Usiotetemeka,

Marahaba. Nina miaka sabini na sita. Kwa hiyo leo kaa vizuri usikilize dada yako.

Barua yako ilikuwa na kurasa kumi na moja, na tatu kati ya hizo ni farasi. Nimempunguza, sikumtoa, kwa sababu mume wangu alipoisoma alisema anamkumbuka, akainuka kuwaonyesha wajukuu alivyokuwa akikimbia na nusura avunje kabati la vyombo. Basi farasi wako nimemkubali. Na nimekubali kwamba unampenda binti huyu kwa jinsi mtu wa kazi anavyompenda mwenye kazi, maana mtu asiyejali hapigi magoti saa kumi na mbili asubuhi mbele ya sanduku la takataka. Hilo ni jema, na ndilo jema la mwisho nitakalokuambia kwa muda kidogo.

Kukohoa ni kusema ndiyo. Umri huu wote, Mzee wangu, na hujui? Mimi nimekohoa hivyo mara moja tu maishani, dada yangu alipopongezwa kwa supu yangu… hapana, ngoja niseme ukweli, mimi ndiye niliyepongezwa kwa supu yake, na ilikuwa mwaka wa sitini na tisa, na bado ananikumbusha kila mwaka mpya. Ulipigiwa makofi yasiyo yako na mwenye makofi yupo nyuma yako na chakula mkononi. Kumfokea mbele ya watu tisa ni kosa moja, na wengi hulifanya. Hili la pili ndilo lililomwandikisha barua. Angeweza kuvumilia mzee mkali, mabinti wa kazi yenu naona wamezoea. Asichoweza ni mzee mkali aliyejua ukweli na akakaa juu yake.

Kioo hakina kosa. Tusirudie tena habari ya kioo.

Sasa hizo zawadi zako. Keki zisizo na jina ni sawa na kubisha hodi na kukimbia. Penseli, nayo ulimwachia mezani kama mtu aliyeisahau, ukaambiwa umeisahau, ukaumia. Na kazi rahisi! Binti amekuonyesha kwamba anaona kile ambacho hata wewe hukukiona, wewe ukampa mdomo wa kufungua na kufunga. Ulitaka apumzike, yeye ameelewa kwamba humwamini. Ningekuwa mimi ningetazama dirishani, halafu ningetazama ratiba ya treni.

Nilitaka kukueleza mambo haya kwa mfano wa picha zako za katikati, nikaona utaukosoa mfano na kuuacha ushauri. Nitakwambia waziwazi.

Unaogopa kwamba ukisema umekosea, kesho watu watakuuliza kama umekosea tena. Wakuulize! Hebu hesabu: siku ile chumbani mlikuwa watu tisa, wote wamezaliwa nchi hii hii, wote wamezika bibi na babu zao, wote wanajua kimono cha maiti kinafungwaje. Aliyefungua mdomo ni mmoja, mdogo kuliko wote, na ukamfunga. Wale wengine waliona au hawakuona, hatujui, maana chumba chako kimefundishwa kutosema. Mwongozaji wenu naye alilala siku tatu na wasiwasi badala ya kupiga simu moja. Huo ndio ukaguzi unaoogopa utakufa? Mimi naona ulishakuwa mgonjwa siku nyingi, na aliyekuja kuutibu ndiye mnayemwacha aende Niigata.

Na kuna jambo hukulifikiria, na hapa nakuonea huruma huku nikicheka. Majina yenu nimeyabadilisha yote, kama tunavyofanya siku zote. Lakini Nerima nzima kuna wazee wangapi wa miaka sabini na miwili wanaochora picha za katikati na kujivunia miguu ya farasi? Gazeti hili linafika madukani Jumatano asubuhi. Muuza tofu wenu atakuwa ameshakujua kabla ya saa nne, na huyo Negishi, nimemwita Negishi, kufikia mchana. Kwa hiyo lile neno uliloapa hutalisema, Mzee wangu, umeshaliandika kwa mkono wako usiotetemeka na kulituma kwa wasomaji elfu nane. Umemwomba radhi kila mtu wa upande huu wa mji isipokuwa mmoja.

Basi fanya hivi, na ufanye Jumatano hiyo hiyo, usingoje Alhamisi, kwa sababu Ijumaa binti anafunga virago.

Nenda kazini mapema. Mwambie msimamizi wenu awakusanye wote tisa, na ile sehemu ya mama wa stesheni iwekwe tena kwenye skrini. Mwongozaji kama hawezi kuja apigiwe simu na simu iwekwe sauti ya nje, maana makofi yalianza kwake na lazima yarudi kupitia kwake. Wewe simama. Usikae, usiegemee meza, usishike penseli. Sema haya: “Picha hizi ishirini na mbili ni za Shiota. Aliziona sahihi, mimi nikazitupa. Mkanipigia makofi yake nami nikayapokea. Nimekosea, samahani.” Nimekuandikia kwa sababu najua ukiachiwa utaanza na treni ya kutoka Akita. Usiongeze neno. Usiseme kioo, usiseme muda ulikuwa mfupi, usiseme na yeye angeeleza vizuri zaidi. Alijaribu kueleza mara mbili, nimehesabu.

Kisha uiname. Si ile ya kutafuta kifungo. Uiname hasa, mpaka uone ncha za viatu vyako, na ukae hapo hapo mpaka binti aseme kitu. Akichelewa, amechelewa. Mgongo wako si jambo la kumhusu.

Fusae mpelekee keki za lile duka zuri, na jina lako juu. Yeye anadai samahani ya siku ya harusi.

Sasa sikiliza sehemu ngumu. Umeniomba njia ya kumfanya abaki. Sina, na mtu akikwambia anayo anakudanganya. Kuomba radhi si nyavu ya kumkamatia mtu. Huenda ataitikia vizuri, akakushukuru, na Ijumaa akapanda treni, na shangazi yake akapata mkata figili hodari kuliko wote wa Niigata. Akiamua hivyo mbebee begi mpaka stesheni na ufunge mdomo. Lakini kama unataka awe na sababu ya kubaki, usimpe keki wala huruma, mpe kazi anayostahili. Umesema hakuna picha inayotoka bila kupita chini ya jicho lako. Na zile zako wewe zinapita chini ya jicho la nani? Umeandika kurasa kumi na moja na hilo halimo. Zile ishirini na mbili ulizozinakili kwa nyuma kwa saa tatu bila kifutio zilikuwa zinakwenda moja kwa moja kwenye rangi, maiti yako ikatembee Jumapili asubuhi, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kukurudishia.

Kwa hiyo ukishainuka, mbele ya hao hao tisa, usimwombe binti abaki. Mwombe akukague. Picha zako zote, kuanzia siku hiyo, zipite kwake kwanza, na jina lake liandikwe mwisho wa katuni kwenye mstari wa ukaguzi chini ya lako. Huo ndio mkono uliouona mara mbili, basi mpe nafasi ya kuushika ule wa kwanza, yaani wako.

Na akikurudishia picha, ichore upya.

Mama Kanamori